Mizani ya mkono, mizani ya dijitali au tochi: ununue nini kwanza ukianza kujaza risasi za bastola

Hapa Minnesota tunapokaa kuna wabongo wawili wameanza kujaza risasi zao za 9mm wenyewe, yaani kuchukua ganda lililokwisha pigwa na kulitia praima (kile kiwashio cha kwenye kitako), baruti na kichwa kipya (kile kipande kinachoruka), bei ya boksi dukani imewachosha, na wote wawili kwa nyakati tofauti wameniuliza ninunue mizani gani. Nikawauliza kwanza, we unaogopa nini? Wakaniangalia tu. Maana baruti inakosewa kwa njia mbili, na vifaa vinavyouzwa kila kimoja kinakinga njia moja, sasa mtu ananunua kinga ya huku alafu analala fofofo na mlango wa huku uko wazi.

Njia ya kwanza ni ya polepole. Mizani inakudanganya kidogo, kila risasi kwenye batchi inapata zaidi ya ulichokusudia, zote sawasawa, na kwa macho huoni kitu. Njia ya pili ni ya ghafla, risasi 199 ziko sawa kabisa alafu moja imepata baruti mara mbili, au haijapata hata chembe. Ya kwanza inaichosha bastola yako na siku moja inaweza kuivunja. Ya pili inaweza kuivunja leo, ikiwa mkononi mwako.

Kabla sijaendelea, haya mambo nayaongelea kwa huku Marekani ambapo kujaza risasi kwa matumizi yako mwenyewe sheria ya shirikisho haidai leseni (ukianza kuuzia watu hapo ni leseni, usijifanye hujui). Kenya na Tanzania kutengeneza risasi bila leseni ni jinai, kwa hiyo wewe unayesoma ukiwa Tanga au Nakuru soma kama unavyosoma habari za theluji. Na usinitafute inbox uniulize "greni ngapi", sitakwambia. Kiasi kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au kwenye tovuti yake, Hodgdon kwa mfano wameweka data zao bure, na unaanza na kiasi cha chini walichoandika, au kama wameandika cha juu tu unashuka asilimia 10 ndio unapanda taratibu. Kichwa cha aina ile ile, urefu ule ule wa risasi nzima. Cha jirani yako kwenye range (uwanja wa shabaha) kinahusu bastola ya jirani yako.

Sasa tuelewane ukubwa wa kinachopimwa, maana hapa ndio watu wanajichanganya. Baruti inapimwa kwa greni, na greni 7000 ndio ratili moja. Greni moja ni kama miligramu 65. Kidonge cha aspirini cha miligramu 325 ni greni 5, na risasi nyingi za 9mm zinakula humo humo kwenye 4, 5, 6. Yaani baruti yote inayorusha kile kichwa inalingana na kidonge kimoja cha kichwa kuuma. Alafu fungua kitabu uangalie tofauti kati ya kiasi cha kuanzia na kiasi cha mwisho kwa 9mm, mara nyingi ni nusu greni, baruti nyingine hata nusu haifiki. Nusu greni ni kama punje moja na kidogo ya mchele. Hiyo ndio nafasi yote uliyonayo ya kukosea.

Tuanze na mizani basi.

Mizani ya mkono ni ile yenye mkono mrefu umekaa juu ya makali mawili, kisahani upande mmoja, vijiwe vya kuteleza upande mwingine, na ncha inayocheza kwenye alama ya sifuri. Haina betri, haina kioo, na mzee aliyenifundisha anayo tangu ujana wake na bado inasoma ile ile. Ubaya wake ni uvivu, kila kipimo unasubiri mkono utulie, ingawa nyingi zina sumaku ya kuupoza. Meza ikihamishwa unaweka sifuri upya. Na ina kosa lake moja kubwa ambalo watu hawalisemi, jiwe la kuteleza likikaa tundu la jirani umekosea greni nzima, kwa mizani nyingine greni 5 au 10, na mkono utasimama sawa tu kwenye sifuri bila aibu. Mizani haijadanganya hapo, wewe ndio umesoma vibaya. Dawa yake ni ya kitoto, ukishaseti ondoka, kunywa maji, rudi usome namba upya kama vile aliyeseti ni mtu mwingine usiyemwamini.

Mizani ya dijitali inasoma papo hapo, unabonyeza sifuri na kisahani kikiwa juu, basi, hakuna jiwe la kukaa vibaya. Mimi naitumia kwa kazi za haraka na siwezi kuisema vibaya yote. Lakini inahama. Feni ikiwashwa inahama, ukiiweka karibu na simu inahama, ukiiwasha na kuanza kupima hapo hapo bila kuiacha ipate joto dakika ishirini au thelathini inahama, na ikihama haikwambii, inakuonyesha namba nzuri ya kung'aa kabisa.

Mwaka juzi Januari nilikuwa garage, nje baridi ya kuua, kaheta kadogo kananipulizia miguuni na mizani ya dijitali iko juu ya meza karibu na upepo wa kaheta. Nimejaza kama risasi sitini hivi nikasema ngoja nipime tena ile ya kwanza niliyoitoa pembeni. Ikasoma greni 0.3 pungufu ya nilivyopima mwanzo. Nikatoa kisahani nikarudisha, sifuri haikuwa sifuri tena. Sasa sitini zote sikujua ipi ni ipi, zilikuwa za kiasi cha katikati kwahiyo pengine zisingeleta shida, ila ningekuwa karibu na kiasi cha mwisho hiyo 0.3 ingekuwa imekula nafasi yote niliyobakiza. Nilizing'oa vichwa zote sitini. Mikono iliuma siku mbili.

Kilichoniokoa sio bei ya mizani, ni mawe. Kila mwenye duka la zamani kule kwetu alikuwa na mawe ya mizani kwenye droo, robo, nusu, kilo, na mteja mjanja alikuwa anadai jiwe lipandishwe mbele yake. Huku wanauza seti ndogo za mawe ya greni, vipande vya chuma vya kushika kwa kibanio. Tatizo, mizani nyingi za dijitali zinakuja na jiwe moja kubwa la kukalibreti, la gramu 20 au 50, na mtu akishaona gramu 50 inasoma 50 anaona mizani iko salama. Gramu 50 ni zaidi ya greni 770! Wewe unapima greni 5. Mizani inaweza kuwa malaika kwenye 770 na mwizi kwenye 5. Tafuta jiwe la greni 5 au unganisha vijiwe vifike karibu na kiasi chako, pandisha mwanzo, pandisha kila baada ya risasi ishirini thelathini, pandisha mwisho. Likisoma tofauti, zote za tangu mara ya mwisho liliposoma sawa zinakaa pembeni.

Na kuna ya tatu ambayo wale jamaa wangu mmoja alikuwa ameshainunua tayari, mizani ya sonara, ile ya mfukoni ya gramu 0.01. Anaona 0.01 anadhani ni kali sana. Piga hesabu, gramu 0.01 ni greni 0.15. Hatua yake moja ndogo kabisa ni kubwa kuliko greni 0.1 unayohitaji, na bado hapo hujaweka kuhamahama kwake. Ya kupimia pete, sawa. Nyingine zina kitufe cha kubadilisha zisome greni lakini kitufe hakibadilishi kilichomo ndani.

Kwahiyo kwa mizani peke yake: kama unajaza risasi mia kwa wiki taratibu, chukua ya mkono na seti ya mawe. Kama huna subira au macho yako yameanza kukataa maandishi madogo, chukua ya dijitali iliyotengenezwa kwa kazi hii, greni 0.1, na seti ile ile ya mawe. Mawe hayakwepeki kote kote. Ukiwa na hela ya kimoja tu kati ya mizani ghali na mizani ya kawaida pamoja na mawe, we chukua ya kawaida na mawe.

Sasa njia ya pili, ile ya ghafla. Hapa mizani haikusaidii hata iwe ya maabara, maana hupimi kila risasi, unaseti kipimio kimwage kiasi kile kile alafu unajaza, unapima moja moja kwa kuruka. Risasi namba 137 ikipata mara mbili mizani iko kimya.

Inatokeaje? Kwa wengi ni kukatizwa. Mimi ilinitokea kwenye presi (mashine ya kujazia) ya kuzungusha sahani kwa mkono, yaani unavuta mpini, baruti inamwagika, alafu wewe mwenyewe kwa kidole unasogeza sahani ganda liende hatua inayofuata. Saa tatu usiku huku, Tanga ni saa kumi na mbili asubuhi, mama ametoka kuswali anapiga WhatsApp. Nikapokea, salamu, habari za jirani, nani kazaa nani kaumwa, robo saa. Narudi kwenye presi nashika mpini navuta. Nikasita. Nilisogeza sahani au sikusogeza? Nikamulika tochi ndani ya ganda. Baruti ilikuwa imefika juu kuliko wenzake, sio sana, ukiwa na haraka ungesema ni kivuli. Nikaimwaga kwenye kisahani nikapima. Mara mbili kamili.

Kilichonishtua zaidi ni kwamba haikufurika, ilikaa humo ndani vizuri tu kama imezaliwa humo. Baruti niliyokuwa natumia ni zile zilizobana, kidogo inafanya kazi kubwa, watu wanazipenda kwa sababu ratili moja inatoa risasi nyingi. Na hapa ndio nakuja kwenye ulinganisho ambao kwa mimi unazidi wote, baruti iliyobana dhidi ya baruti inayojaa.

Baruti iliyobana, mfano Titegroup, kiasi chake kinakaa chini kabisa ya ganda. Mara mbili inaingia na kichwa kinapanda juu yake bila kugoma. Kwenye .38 Special, risasi ya rivolva, ndio mbaya zaidi, lile ganda lilitengenezwa enzi za baruti nyeusi iliyokuwa inakula nafasi kubwa, ukiweka baruti ya kisasa ya kiasi kidogo cha kupigia shabaha ganda linabaki tupu sehemu kubwa, mara mbili inaingia, na zingine hata mara tatu. Na kumbuka .38 Special ya kawaida kipimo cha juu cha presha cha SAAMI (wanaoweka viwango vya risasi huku Marekani) ni psi 17,000 tu, wakati 9mm ni 35,000, .45 ACP 21,000. Rivolva ya zamani ya .38 haina akiba ya kukusamehe.

Baruti inayojaa, kiasi kimoja kinapita nusu ya ganda. Ukimwaga mara mbili inafurika inamwagika kwenye sahani, unapaka presi yote uchafu, unatukana, unafagia, na umepona. Ratili moja inatoa risasi chache kidogo. Ndio gharama yake yote. Mtu anayeanza akiniuliza nanunua baruti gani namwambia fungua kitabu, kati ya zile zilizoorodheshwa kwa kichwa chako tafuta ambayo mara mbili haiwezi kuingia. Hicho ni kipimo kisichohitaji betri wala kukumbuka.

Ila angalia, kuna watu wakisikia hivi wanadhani njia ya usalama ni kupunguza tu, weka kidogo utakuwa salama. Hapana. Kuna baruti za pole pole za magnamu (risasi za nguvu kubwa) kama H110 (na W296, ni baruti ile ile kwa lebo mbili) ambazo mtengenezaji mwenyewe anakataza kuzipunguza zaidi ya asilimia 3 hivi. Ukipunguza zaidi inaweza isiwake vizuri, kichwa kinakwama kwenye mtutu. Alafu ukipiga ya pili nyuma yake, mtutu unavimba au unapasuka. Ukisikia mlio wa ajabu, "pup", na mkono haukusukumwa, simama. Usivute slaidi ukaendelea kama vile imekosa tu. Toa magazini, hakikisha chemba haina kitu, angalia mtutu uko wazi.

Sasa vifaa vya kukagua ganda lililokwisha jazwa, kwa ufupi maana havina mengi.

Tochi na kibao cha matundu 50: maganda yote yanasimama, unamulika kwa pembeni, unapita mstari kwa mstari, aliyejaa kupita wenzake au mtupu anajitokeza kama jino bovu. Kabla ya kujaza yanakaa mdomo chini, ukijaza unasimamisha, hivyo hata ukikatizwa unajua ulifika wapi. Ni bei ya soda. Ubaya wake ni kwamba ni wewe, na wewe unachoka. Na haioni tofauti ya greni 0.3, usijidanganye.

Dai (kifaa kinachofungwa kwenye presi) yenye kijiti, wanaita powder cop: kijiti kinagusa baruti kinapanda juu, unaangalia alama yake. Inasaidia kwa presi ambayo ganda limejificha huwezi kuchungulia. Lakini bado inahitaji uiangalie, na baada ya risasi ya themanini hakuna anayeiangalia.

Dai ya kufunga, lock-out: kiasi kikiwa mara mbili au hakuna, inashika presi, mpini haushuki. Hii haihitaji umakini wako ndio maana naipenda. Ila inakula nafasi moja kwenye presi, kama yako ina nafasi nne na unaweka kichwa na kukaza mdomo wa ganda kwa dai mbili tofauti, itabidi uunganishe hizo mbili. Nayo pia tofauti ndogo ndogo haizioni, imewekwa kwa ajili ya janga. Kama una presi inayojizungusha yenyewe na unajaza mamia kwa saa, hii nunua hata kabla ya mizani ya pili.

Kupima uzito wa risasi iliyokamilika watu wanaiulizia sana, "si napandisha risasi kwenye mizani naona kama imezidi?" Ukiwa na maganda ya mchanganyiko uliyookota range, ganda na ganda yanapishana greni kadhaa, kichwa nacho kinapishana, na unachotafuta ni greni 4 au 5 humo ndani. Risasi nzito inaweza kuwa ganda nene, na iliyokuwa tupu kabisa inaweza kupata ganda zito ikajificha katikati ya wenzake. Ukiwa na shaka na risasi dawa ni kuing'oa kwa ile nyundo ya plastiki, gonga gonga kichwa kinatoka, baruti unamwaga, umemaliza.

Na kusoma praima baada ya kupiga, kuangalia kama imebonyea bapa? Kwa bunduki za presha kubwa wanaitumia wanaojua, kwa bastola achana nayo. Kwenye .38 au .45 mpaka praima ianze kulalamika umeshavuka kipimo zamani sana. Kronografu ni shahidi bora, inakwambia kasi, ukiona kasi imezidi ya kitabu kwa mtutu wa urefu ule ule, presha imetoka mahali, rudi nyuma. Lakini ni shahidi wa baada ya tukio, usiinunue kwanza.

Jambo moja zaidi ambalo mizani yoyote haitalishika, kichwa kurudi ndani. 9mm ganda lake ni dogo, kichwa kikisukumwa ndani kidogo nafasi inapungua na presha inaruka, hata kama baruti ulipima kwa sala. Unaijaribu kwa kuisukuma risasi kwa kidole gumba dhidi ya ukingo wa meza, alafu unapima urefu tena kwa kalipa (rula ya kubana). Ukipungua, ukazaji wako una kasoro. Na ile risasi moja ambayo kila siku unaitoa chemba unairudisha usiku, ibadilishe.

Wale jamaa wangu mwishowe mmoja kachukua ya mkono, yule wa mizani ya sonara kairudisha dukani akachukua ya dijitali, wote seti ya mawe, vibao viwili vya matundu, nyundo, na baruti inayojaa. Lock-out hawajanunua, presi zao ni za risasi moja moja na hazina haja. Chupa ya baruti mezani ni moja tu kwa wakati, nyingine zote kabatini, na kipimio kinamwagwa chote kabla hujazima taa, kurudisha kwenye chupa yenye lebo yake, maana asubuhi hutakumbuka ni ipi iliyobaki humo na baruti nyingi ukizitazama ni kijivu tu.

Simu siku hizi naiacha jikoni.